Miundu Minane ya Fundi Cheche

Wahunzi niliowahi kukaa nao, wa lugha yoyote ile, ukiwauliza kwa nini wanafanya hivi na si vile, wanakuonyesha mkono. Fundi Cheche naye ni hivyo hivyo. Alikuwa na miaka thelathini na moja mbele ya moto wakulima walipoanza kumrudishia miundu yake, makali yamemeguka kama biskuti. Mtunza ghala wa ushirika akamwambia bila kuzunguka: "Mzee wangu, isipokaa sawa kabla ya mavuno, tunaagiza ya kiwandani." Fundi Cheche hakuwa na mteja mwingine. Moto ungezimwa.

Binti yake, mwalimu wa takwimu chuoni, akaja likizo.

"Baba, ukitaka kuboresha unabadilisha nini?"

"Kimoja kimoja. Kuzimishia chuma cha moto kwenye mafuta badala ya maji nilijaribu, sikuona faida. Makali membamba nayo yakameguka. Nikaachana navyo."

"Safari hii tuvichanganye. Moto mkali au wa wastani, maji au mafuta, makali membamba au manene. Kila mchanganyiko mundu mmoja: jumla minane."

Akatia vikaratasi bakulini, kura iamue upi ufuliwe kwanza.

"Unachezesha bahati nasibu kwenye karakana yangu?"

"Asubuhi una nguvu, jioni umechoka. Ukifua yote ya maji asubuhi, tutajuaje kama ni maji au ni mkono?"

"Mkono huu hauchoki!"

"Nimwite mama aseme?"

Fundi Cheche akachota kikaratasi cha kwanza. Hata alama yake ya ufundi alikatazwa kuigonga kwenye miundu. Namba tu, wavunaji wasijue upi umefuliwaje.

Shambani mtunza ghala alihesabu miganda mwenyewe. Mundu mmoja baada ya mwingine uligoma kukata kabla ya mganda wa hamsini. Namba mbili ukafika mia na ishirini na sita. Namba saba, mia na thelathini. Jedwali la binti likaonyesha kuwa hiyo ndiyo miwili pekee iliyounganisha mafuta na makali membamba. Ukali wa moto haukuleta tofauti ya maana.

Mtunza ghala aliung'ang'ania namba saba. "Huu siurudishi. Nifulie mia mbili kama huu."

Fundi Cheche hakumsikia. Alikuwa ameinamia jedwali la bintiye, kidole kikienda taratibu toka namba hadi namba, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto mchanga.

"Nilikuwa navyo vyote viwili," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nilikuwa navyo mle mle karakanani."