Vidole Vitatu vya Sponji

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi Viti, kwa kuwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona viti vya pikipiki katika kibanda kando ya gereji. Mkewe alikuwa Mwalimu, na hata Fundi mwenyewe alimwita hivyo nyumbani. Kila asubuhi walipanda kijipikipiki chao hadi shuleni, Fundi mbele, Mwalimu nyuma na madaftari mapajani. Binti yao alipoolewa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa barabara kuu, wakakubaliana wanunue pikipiki kubwa itakayofaa kote kuwili: shuleni kila siku, na kwa binti kila likizo.

Katika mambo hayo Fundi alijiona bingwa, na tusimnyime haki yake, alikuwa bingwa. Wateja walimjia kwa ushauri kabla ya kwenda kwa dalali. Aliwaambia wasibabaishwe na ukubwa wa injini wala rangi ya tangi. "Angalia kama unaweza kuinyanyua ikianguka. Angalia spea zake kama zinapatikana. Halafu mlete mkeo. Asipoweza kupanda bila kushikwa mkono, hiyo si pikipiki yenu." Watu walimsikiliza, wakanunua vizuri, wakarudi kumshukuru.

Zamu yake ilipofika, akili zikamruka. Kwa dalali palikuwa na mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, injini ya cc mia tano, kiti cha chini, usukani wa kukaa wima, haina makuu. Nyingine ilikuwa nyekundu, ya mia nane, ndefu, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku ubavuni. Fundi aliizunguka hiyo nyekundu mara tatu, mikono nyuma. Mwalimu alijaribu kuipanda, goti likagoma katikati, akateremka akicheka.

"Mimi na hii hatuelewani," alisema. "Chukua ile ya kijivu, mume wangu."

"Ngoja kwanza. Nitashusha shokamzoba, itakaa chini, utaona."

Hakushusha chochote. Shokamzoba za pikipiki ile hazikuwa za kushushwa, na alilijua hilo. Alimwomba dalali ampe kiti, eti mshono umefumuka, akaenda nacho kibandani, akang'oa pini na kufunua ngozi upande wa abiria. Kisu kikapita mara moja. Akatoa sponji la unene wa vidole vitatu, akabakiza unene wa daftari juu ya plastiki ngumu, kisha akavuta ngozi ikakaa sawasawa. Ilikuwa kazi safi mno. Kile kipande hakukitupa, maana fundi hatupi sponji zuri. Alikivika kitambaa akakiweka juu ya kigoda chake cha kazini. Jumamosi Mwalimu akapanda mwenyewe, goti halikugoma, akampiga mumewe begani kwa furaha, na nyekundu ikaja nyumbani.

Alijiambia kwamba atalirudisha sponji mke akishazoea. Lakini akilirudisha, Mwalimu hatapanda, na atauliza kulikoni. Basi akajifanya hamnazo, na miezi ikapita.

Mwalimu hakukilalamikia kiti hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna Fundi. Angelalamika, angempa pa kuanzia. Yeye aliulaumu mwili wake. Katika safari ya kwanza ya kwa binti, kila kituo cha mafuta alishuka ameshika kiuno. "Uzee huu umekuja bila hodi," alisema, na Fundi akashindwa kumaliza chai yake. Mwezi wa tatu tangu wainunue, Mwalimu akaanza kufundisha ameketi. Mwezi wa tano akampigia simu binti yao, ambaye alikuwa mjamzito, akamwambia asimtegemee siku za kujifungua, mgongo hauwezi tena safari. Fundi aliyasikia maneno hayo kutoka jikoni. Roho ikamsuta vibaya, akatoka nje akaanza kupangusa tangi ambalo lilikuwa safi tayari. Mtu aliyewashauri watu wazima wenzake bila kuombwa mara mbili, sasa hakuwa na mdomo.

Alhamisi moja mchana, mwezi wa saba, Mwalimu akapita kibandani kwa miguu akitokea shuleni. Fundi akampisha kwenye kigoda. Mwalimu akaketi polepole, amekunja uso, akingoja maumivu. Hayakuja. Akajisogeza, akatulia, uso ukalegea.

"Hapa pazuri," alisema. "Mgongo umetulia kabisa. Umeweka nini humu?"

Fundi alikuwa na sindano mkononi. Akaichomeka kwenye ngozi aliyokuwa akiishona.

"Nimetoka kwa mkuu wa shule," Mwalimu akaendelea. "Nimempa barua ya kustaafu mapema. Bora niondoke mwenyewe, kabla watoto hawajaanza kunionea huruma." Machozi yakamlenga, akageuza uso.

"Hilo ulilolikalia ni lako," Fundi akasema.

"Langu kivipi?"

"Nililikata kwenye kiti chako, ili uweze kupanda. Shokamzoba sikuzigusa. Muda wote huu umekalia plastiki, mke wangu. Mgongo wako hauna ubaya wowote. Ubaya ni wangu."

Mwalimu akanyanyuka. Akalichukua sponji, akatoka nalo nje hadi kwenye pikipiki nyekundu, akalilaza juu ya kiti cha nyuma. Likakaa pembe kwa pembe. Katikati lilikuwa limebonyea kwa makalio ya Fundi.

"Miezi saba," alisema taratibu. "Nilikuwa najikanda kwa maji moto, wewe unanishikia beseni."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akamwekea lile sponji mikononi. "Barua bado iko mezani kwa mkuu. Nenda ukamweleze wewe. Mimi sisimami mbele yake mara mbili kwa siku moja."

Fundi akapapasa mfukoni kutafuta funguo.

"Kwa miguu," Mwalimu akasema.

Akaenda. Njiani wateja wake walimsalimu, mmoja akamuuliza ni kiti cha nani hicho, yeye akazidi kutembea. Ofisini kwa mkuu kulikuwa na viti vinne, vyote alivishona yeye, na mkuu alipenda kuvisifu mbele ya wageni. Barua ya Mwalimu ilikuwa mezani, imekunjuliwa, kalamu juu yake.

"Karibu, Fundi, kaa," mkuu akasema. "Umetuletea nini leo?"

Fundi hakukaa. Akaliweka sponji mezani kando ya barua.

"Mgongo wa mke wangu," alisema, akaanza kueleza tangu siku ile ya kwa dalali.