Sindano ya Marehemu Mama na Sinia la Halua

Tarehe tatu ya Mfunguo Nane mama yangu alifariki. Vitu vyake vyote nilivigawa, kanga, viatu, hata mto wake, lakini sindano zake za sukari zilizobaki kwenye friji sikuweza kuzitoa. Miezi mitatu baadaye, Shaabani, siku ya nikaha ya binti yangu Hidaya, sindano hizo zikanipotezea na haya kidogo niliyokuwa nayo, mbele ya wanawake wa kijiji chetu cha Vitongoji na wageni wao. Nasema mapema ili msinizunguke kwa maswali. Aliyewaambia nilikula halua kwa mikono miwili kasema kweli. Aliyewaambia nilipanda juu ya meza ni muongo.

Chanzo ni gauni. Harusi zetu siku hizi haziswihi bila sare, basi na sisi tukanunua kitambaa cha zambarau, fundi akashona kwa vipimo vyangu vya zamani, kabla sijaanza kumuuguza mama. Na kuuguza kwangu kulikuwa kula, maana kila alichokiacha mama nilikimaliza mimi ili asione sahani inarudi jikoni vile vile, na siku za mwisho aliacha kingi. Yeye akakonda, mimi nikanenepa. Gauni lilipokuja zipu ikafika kiunoni ikagoma.

Wakati huo kashafika Zuwena, binti wa mama mdogo, anayeishi Maskati (hatuachi kuambiwa kuwa anaishi Maskati), naye kaja mwembamba hadi shingo imerefuka. Siku ya kuchagua mchele akatoa kwenye mkoba kalamu ya sindano, akaishika kwa vidole viwili kama bangili ya dhahabu.

"Hii mara moja tu kwa wiki," akasema. "Chakula nakiona hivi hivi, sikitamani. Wali wa nazi kwangu mie sasa kama mchanga."

"Na ile ya marehemu?" akauliza Bi Mwanakombo, jirani yetu mtu mzima.

"Ile ya kila siku? Ya kizamani ile. Hizi zetu mpya ndizo dawa."

"Lakini zote si za sukari?"

"Zote za sukari, zote huchomwa tumboni. Ila kuna dawa na dawa, Bi Mwanakombo."

Zuwena hana sukari. Ana mume mwenye uwezo na kioo kirefu. Lakini mchele ukasahauliwa, wanawake wakaanza kulinganisha sindano kama wanavyolinganisha mashuka: ya wiki na ya siku, ya Dar na ya Uarabuni, ya fulani iliyomkondesha na ya fulani iliyomtapisha akakonda kwa kutapika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza daktari, na kila mmoja alizungumza kama daktari. Mimi niliumia kwa ile "ya kizamani", kwa sababu mama yangu aliichoma kwa shukurani kila siku ya Mungu.

Hapo akili yangu (nina darasa la saba, lakini hili halihitaji hata darasa moja) ikafanya hesabu zake. Zote za sukari, zote za tumboni, zote kalamu. Mama alijichoma na mama alikonda, nilimuona kwa macho yangu. Basi ya mama nayo inakondesha. Na kwa kuwa ya kila siku lazima iwe hafifu kuliko ya wiki, mwenye haraka aongeze kidogo.

Asubuhi ya harusi sikula kitu, nilitaka tumbo lilale. Adhuhuri nikajifungia chumbani, nikazungusha kile kitufe cha kupimia dawa mpaka nikaona panatosha, nikajichoma. Kisha nikaingia kwenye gauni, zipu nikaifunga kwa pini na kuifunika kwa mtandio, nikatoka kupokea wageni nikijiona hodari.

Wanaume walikuwa msikitini wakisubiri Alasiri ipite nikaha ifungwe. Kwetu nyumbani wakaingia wanawake wa upande wa bwana harusi, mbele yao Bi Raya, mama yake kijana, mwanamke wa kutazama pembe za dari akiingia nyumba ya mtu. Nikampa mkono. Jasho likanitoka hadi wanja ukashuka mashavuni, moyo unapiga mbio, midomo imekufa ganzi, na njaa ikanishika ambayo sijawahi kuijua, njaa ya mnyama. Katikati ya mkeka palikuwa na sinia la halua ya Wete, halijakatwa, la wageni wale wale. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka vidole vya mikono yangu yote miwili vimezama ndani, na Bi Raya kavuta buibui lake lisipakwe mafuta.

"Salama!" Zuwena akanikemea kwa jina langu. "Wewe una nini?"

Nikajibu kitu, lakini ulimi ulikuwa mzito, ikatoka sauti nene isiyo yangu. Ndipo Bi Mwanakombo akapiga magoti mbele yangu, akanishika kichwa.

"Kapanda pepo huyo," akawaambia wenzake, kisha akamgeukia pepo. "Kaka, umetoka wapi? Watakani kwetu?"

"Halua," nikasema.

"Mnasikia? Pepo wa halua! Leteni ubani! Sinia liondosheni, asipewe mpaka ataje jina lake!"

Wakaliondosha. Nikalifuata kwa magoti, wakanishika watu watatu. Na mimi kwa ujinga wangu nikaona ahueni: wacha waseme pepo. Pepo si aibu, pepo humpata yeyote. Kisha nikamsikia Bi Raya.

"Nyumba ina pepo, na sisi hatukuambiwa? Mwanangu haolewi, yeye ndiye anayeoa, ana haki ya kujua anaingia wapi." Akatoa simu. "Nampigia baba yake huko msikitini wasimamishe kwanza."

Mlangoni alisimama Hidaya na hina yake, kasikia kila neno. Uso wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Sina pepo!" nikapiga kelele, kwa nguvu zote zilizobaki. "Nimejichoma sindano ya marehemu mama nikonde, nienee kwenye gauni!"

Kisha mtu akacheka, na wote wakacheka, na pini ikaachia, zipu ikafunguka mgongo mzima. Zuwena peke yake hakucheka.

"Insulini?" akasema, kabadilika rangi. "Na hujala? Mpeni halua, mpeni soda, atatufia huyu!"

Bi Raya akairudisha simu mkobani. Nikaha ikafungwa. Mimi nilikuwa njiani kupelekwa hospitali Chake, nimekumbatia chupa ya soda.

Wakanitundikia dripu, wakanilaza, kwa sababu dawa ile inaweza kuishusha sukari tena mtu akidhani kapona. Nesi akanieleza bila kunionea huruma. "Ya yule ndugu yako ni dawa nyingine kabisa, inapunguza hamu ya kula, na hiyo nayo haichomwi bila daktari. Insulini inashusha sukari ya damu, na yako ilikuwa sawa, hukuwa na cha kushusha. Na mama yako hakukondeshwa na sindano. Ugonjwa ndio uliomkondesha. Sindano ilikuwa inampigania."

Hapo nililia, mara ya kwanza tangu maziko. Nikamtuma Zuwena azilete sindano zote za mama, nesi akazichukua. Tangu siku hiyo dawa ya mtu siigusi hata ya kikohozi, na gauni lisilonienea namrudishia fundi.

Siku ya pili Bi Raya akaja kunitazama, kabeba hotipoti ya mseto. Akauliza hali, akausifu ukoo wetu, akasogeza kiti, akatazama huku na huku wodini.

"Mkwe mwenzangu," akaninong'oneza, "zile za marehemu, hazikubaki?"

Nikamwambia nimeshazikabidhi kwa nesi.

Akaaga, akaondoka na hotipoti yake, mseto wote ndani.