Nilibaki na Viazi Hai Malakal

Jumapili ile mimi na mume wangu Lado tulitoka kanisani mapema, tukachimba viazi. Yalikuwa matuta machache tu nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Hai Malakal, Juba. Nilikulia Kitale, mtoto wa wakimbizi, na uhuru ulipokuja nilirudi katika nchi ya wazazi wangu nisiyoijua, nikiwa na jambo moja ninaloliweza: kulima viazi. Lado, mzaliwa wa Juba, alinicheka tangu siku ya kupanda.

"Ya mara," aliniita, kama wanaume wa Juba wanavyowaita wake zao, "kwa joto hili vitaiva hukohuko chini. Utachimba vikiwa vinangoja chumvi tu."

Vilitoka vidogo, vingine kama mayai ya kuku, lakini vilitoka. Lado alikifuta kimoja kwa shati lake la kanisani, akakitazama, akainama kuchimba kingine. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa na joto la tanuri, kwa hiyo tulivihifadhi kwenye tukul, ile nyumba yetu ndogo ya udongo na nyasi. Nilivitandaza juu ya mchanga mkavu, nikavifunika kwa magunia, maana vikipata mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu.

Jumatatu tuliamshwa na bunduki upande wa kambi ya jeshi. Tulidhani zitanyamaza. Ziliendelea siku nzima, na mizinga ikatikisa mabati. Tulilala chini ndani ya tukul, kando ya viazi. Waliokuwa wakipigana ni wakubwa wetu wenyewe, walewale waliotupandishia bendera juzi tu.

Kesho yake asubuhi kulitulia kidogo. Lado akavaa viatu.

"Mama yuko peke yake Hai Cinema. Naenda kumchukua."

"Ngoja kwanza."

"Si mbali. Funga mlango, narudi sasa hivi."

Risasi zilianza tena kabla ya adhuhuri.

Sikuwasha moto. Moshi ungeita watu. Nilitafuna kiazi kibichi.

Waliingia mchana, wanaume watatu wenye sare zisizofanana. Mmoja alinielekezea bunduki. Mwingine akayapiga magunia teke.

"Nini hii?"

"Batatis," nilisema. Viazi.

"Mume wako yuko wapi?"

"Mafi."

Hayupo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo juu yake.

Walifunga viazi vingi kwenye shuka letu, wakaacha vile vya chini ya gunia la mwisho, wakaondoka.

Mitaa ilipotulia nilikwenda Hai Cinema kwa miguu. Niliyoyaona njiani sitayasimulia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Lado umemwacha wapi?"

Hapo nikajua hakufika.

Tulimtafuta hospitalini, tukamtafuta kambini kwa waliokimbia. Kisha binti yake mama mkwe alikuja kumchukua, wakavuka mto. Jirani yangu, Mama Okello, Mganda aliyeuza chai sokoni Custom, naye akanijia na mabegi yake.

"Basi ya Nimule, ya mpakani, iko. Mimi naenda leo. Wewe unabaki na nani? Kuja twende."

"Lado akirudi atamkuta nani?"

Alinikumbatia, akapanda boda.

Mtaa ukabaki mtupu. Jioni nilichemsha viazi vichache kati ya vile walivyoniachia, nikala nimekaa mahali pangu, upande mmoja wa mkeka. Kuna siku nilisema neno lolote kwa sauti, nijue tu kama sauti bado ninayo. Kila asubuhi niliinua magunia na kuondoa vilivyooza, visiharibu vingine. Kazi hiyo ndiyo iliyoniamsha. Viliisha kabla ya mvua, na asubuhi zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zote.

Lado hakurudi. Hakuna aliyeniletea habari zake, na kama ana kaburi, silijui. Ndugu zangu wa Kitale huniuliza mpaka leo kwa nini sikupanda basi lile. Wanasema nilijitesa bure, na sibishani nao. Lakini kama ningeondoka, ningeishi Kitale siku zangu zote nikiwaza kwamba huenda alirudi, akakuta kufuli.

Mimi siwazi hivyo. Nilikuwapo. Najua hakurudi.