Shika Ngazi

Fundi bati wa mtaani kwetu Makambako alipata jina la Shika Ngazi akiwa amesimama sakafuni. Tangu aanguke paani, miguu yake ilikataa kupanda tena. Ndipo binti yake, Emerensiana, alipomvisha miwani ya kompyuta inayomfanya mtu ajione yuko juu ya ghorofa bila kutoka sebuleni, ili aizoee hofu. Jasho likamtoka, akalikumbatia kabati. "Shikeni ngazi, jamani!"

"Baba, ngazi ipi?"

Kwa wiki tatu alilirudia zoezi hilo, akililaumu kabati kwa kuyumba. Jana alikuja kupanda paa la jiko langu.

"Mwalimu, shika ngazi," alisema, misumari ikiwa midomoni kama kawaida yake.

Nikaishika, akapanda. Nilikuwa bado nimeishika alipouchomoa msumari wa mwisho mdomoni, akaugongomea.