Ng'ombe Aliyezikwa na Ngozi Yake

Redioni wanasema umaskini wa kutupwa unapungua duniani. Siwabishii, maana mimi mwenyewe ni mmoja wa waliopungua. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo pale Katesh, nina gari dogo ambalo wengine wamelichosha kabla yangu, na mama yangu kule Tumati ana nyumba ya bati, bomba uani, na taa inayowaka ukibonyeza ukutani. Wasichosema redioni ni kwamba mtu aliyetoka huko hatulii. Nikikaa kwenye kiti nanyanyuka kwenda kuangalia kama unga upo. Upo. Nakaa, halafu nanyanyuka tena kuangalia mafuta ya kupikia. Mume wangu husema kiti changu kina siafu. Amekulia kwenye nyumba yenye duka, ataelewa nini?

Sisi tulitoka kwenye dhiki mgongoni mwa ng'ombe ambaye hakuwa wetu. Kabla sijaanza shule, baba alishuka Gendabi kwa mfugaji mmoja waliyefahamiana mnadani Katesh, akamwomba ng'ombe wa kulisha. Jambo hilo lina taratibu zake. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Wewe unamchunga, unakunywa maziwa, samadi unapeleka shambani. Akizaa, unapeleka habari. Akifa, unapeleka ngozi, maana ngozi ndiyo inayoonyesha kwamba hukumuuza wala hukumchinja kwa siri. Haiandikwi popote, na mwenyekiti wa kijiji haitwi.

Maziwa yale ndiyo tuliyokulia, na yaliyobaki mama aliwauzia walimu. Samadi ile ndiyo iliyoamsha shamba lililokuwa limechoka kabisa. Baada ya miaka, mfugaji yule alitupa mtamba mmoja awe wetu moja kwa moja, na kutokana naye tukapata zizi letu. Baba alifariki, mama akaendelea. Mwaka huu, ng'ombe wa Gendabi alikuwa amebaki mmoja tu, mjukuu wa yule wa kwanza, mwekundu, mkorofi, mpiga teke. Mama alimpenda kuliko wale wake mwenyewe.

Asubuhi moja mama akanipigia simu. "Wa Gendabi amekufa. Njoo."

Nilipofika nilimkuta ng'ombe amelala zizini, tumbo limevimba, damu nyeusi inatoka puani wala haigandi. Nauza dawa za mifugo, sikuhitaji kuambiwa. Nilimpigia afisa mifugo wa kata, dada mmoja mwenye maneno makali, akaja na pikipiki. Hata hakumsogelea sana.

"Kimeta," alisema. "Hachunwi, hapasuliwi, haliwi. Chimbeni shimo refu, mwageni chokaa, azikwe kama alivyo."

Mama alikuwa tayari ameshika kisu. "Ngozi tu, mwanangu. Nyama sitaki. Ngozi ina mwenyewe."

"Mama, ukimchuna huyu tutawazika pamoja," afisa akamjibu.

"Basi upande mmoja."

"Hata sikio, mama. Hapana."

Vijana wa majirani walichimba. Mama alisimama pembeni, kisu bado kiko mkononi, akitazama ngozi ya watu ikifukiwa udongo. Mimi nilimpiga picha yule ng'ombe kwa simu kabla hawajamwingiza shimoni, nikajiona mjanja kweli. Nikamwambia mama ushahidi upo. Akaniuliza hiyo picha inasemaje kwamba ng'ombe huyo hakuliwa nusu saa baadaye.

Siku zilizofuata mama hakula chakula cha maana. Mimi nikaja na mipango, kila mmoja wa haraka kuliko uliotangulia. Tumnunulie yule mzee wa Gendabi ng'ombe mwingine. Tumtumie hela kwenye simu ya mwanawe, yaishe. Mama alinikatiza kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa mdogo.

"Ukimlipa leo umekiri kwamba yule tulimla! Miaka yote hii tukaitwa watu, halafu twende tukaitwe wezi kwa haraka yako?"

Kwa hiyo tukashuka. Mama alivaa nguo zake za kanisani, tukapakia gunia la mahindi nyuma. Njia nzima nilikuwa nabadilisha gia bila sababu. Nilikuwa na hofu, niseme tu wazi. Nilimhofia yule mzee, na zaidi nilihofia kumwona mama yangu akisimama mbele ya mtu kama mshtakiwa.

Mzee tulimkuta nje ya boma lake, amejifunga shuka, mkali wa macho kama zamani ila amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama hakukubali kukaa. Alieleza yote akiwa wima, tangu ng'ombe alivyokataa majani mpaka chokaa, na mwisho akasema, "Ngozi sina. Nimejileta mwenyewe."

Mimi nikachomeka simu katikati yao. Mzee aliitazama picha muda mrefu.

"Huyu amelala," alisema.

"Weka hicho kitu ndani," mama akanifokea.

Mzee akamuuliza, "Damu iligoma kuganda?"

"Iligoma."

Akatikisa kichwa. Hapo bondeni kuna watu walikula mmoja wa namna hiyo, alisema, wakatoka vidonda, na mmoja wao hakupona. "Mmefanya vizuri kumwacha. Nimekuamini, mama."

Nilipumua. Funguo za gari zilikuwa tayari mkononi. Kichwani mwangu nilishafika Katesh na duka limefunguliwa. Lakini mzee hakutuaga. Alianza kuchora chini kwa fimbo yake, na sauti ikawa nyingine.

"Zizi langu umeliona?"

Ndipo nikalitazama. Samadi ilikuwa kavu, ya zamani, imeshaanza kuwa vumbi. Hapakuwa na kwato hata moja. Mbuzi wachache walikuwa kwenye miiba upande wa pili, basi. Ukame ulikuwa umepita hapo na kuchukua wote, na yule mwekundu wa kwetu ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Nakuomba ng'ombe wa kulisha," mzee akamwambia mama. "Maziwa watakunywa wajukuu. Akizaa nitaleta habari."

Mama akakaa chini, pale pale vumbini, na nguo zake za kanisani. Nikadhani nimsaidie.

"Mzee, tutakupa tu!" nikasema. "Awe wako kabisa, usihangaike."

Alinigeukia kwa ukali. "Binti, nimekuomba sadaka mimi?"

Mama akamwambia aje mvua ikishanyesha na majani yakishaota, achague mwenyewe zizini, isipokuwa yule mwenye mimba. Wakakubaliana. Mahindi yetu aliyapokea, akamwita mwanawe aje ayabebe.

Wakati wa kurudi niliongea mimi peke yangu. Nilikuwa nimefurahi, na nikifurahi siwezi kunyamaza. Nikamwambia mama haya ndiyo maendeleo wanayoyasema, jana mzee katuinua, leo sisi tunamwinua, sasa uso wa huzuni wa nini? Tulipita Katesh, tukaanza kupanda.

"Kila mvua ilipochelewa," mama alisema mwishowe, "nilijua nyumba ya kwenda. Hata tulipopata bati, hata ulipofungua duka. Nilikuwa najiambia, mambo yakiharibika kabisa, nitashuka Gendabi nikaombe ng'ombe. Ndiyo maana nilikuwa napata usingizi. Leo mwenye nyumba hiyo ameniomba mimi. Sasa mimi nitakwenda kwa nani?"

"Utakuja kwangu, mama. Si nipo?"

Akanitazama, halafu akaitazama mikono yangu, jinsi nilivyoung'ang'ania usukani wakati barabara ilikuwa imenyooka.

"Na wewe?" akaniuliza.