Mizani na Pampu Yake ya Pumu

Jamani, mwanamke akishika mimba, kila mtu anageuka daktari. Muulizeni Mizani. Jina hilo alipewa kwenye kiwanda cha mikate, ambako kwa miaka tisa amekuwa akikata madonge ya unga na kuyapima, na mkono wake haukosei. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, na hakuna aliyejali. Tumbo lilipochomoza ndipo kila mwenye mdomo alipoiona pampu yake.

"Hiyo dawa unayovuta si inamfikia mtoto?" wifi yake alimuuliza. Mpakiaji wa mikate naye, mwanamume mzima na ndevu zake, akamshauri anywe maji ya moto tu, yatosha. Lakini aliyezidi ni mama mkwe wake, aliyehamia kwao kumsaidia kazi. "Mwanangu, jikaze. Imebaki miezi miwili tu."

Mizani alijibu yale yale mpaka ulimi ukamchoka. Daktari ameruhusu. Bila pampu ya kahawia, ile ya kinga, asubuhi na jioni, atabanwa. Akamwomba msimamizi amtoe kwenye vumbi la unga, akapelekwa kufunga mikate kwenye mifuko, kazi ambayo hata usingizini angeifanya.

Wee! Kila alivyojitahidi ndivyo kifua kilivyozidi kubana. Ngazi nne za mlangoni kwao zikawa mlima. Pampu ya pili, ya bluu, ile ya dharura, aliivuta mpaka vidole vikatetemeka. Alipokwenda kliniki, nesi alimsikiliza kifua, akakunja uso.

"Mama, unaruka dozi za pampu ya kahawia."

"Siruki hata moja!"

"Wote mnasema hivyo." Akampa nyingine mpya.

Ilimchoma. Mtu aliyepima gramu miaka tisa aambiwe hawezi kukumbuka dawa mara mbili kwa siku! Alifika nyumbani amefura, akamweleza mama mkwe kila kitu, neno kwa neno. Mama mkwe aliendelea kukunja nguo.

Siku ya kumi na mbili tangu apewe pampu mpya, Mizani aliamka hawezi kumaliza sentensi. Na mtoto, ambaye kila asubuhi humpiga mateke kama ana deni naye, alikuwa kimya. Mume alishakwenda kazini mapema, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyeita teksi, akamshika mkono mpaka kliniki.

Nesi alichukua pampu ya kahawia, akaitikisa, akaifyatua hewani, akaitikisa tena.

"Hii imekwisha. Ilikuwa ya mwezi mzima! Juzi ulikuwa huitumii, leo umeivuta kama peremende?"

Mizani akatikisa kichwa. Hakuwa na sauti.

"Si yeye," mama mkwe akasema, macho sakafuni. "Ni mimi. Kila akiingia kuoga naibonyeza dirishani, naibonyeza, mpaka nasikia maji yamezimwa. Hii na ile iliyopita. Nilitaka dawa iishe humo ndani, abaki anavuta hewa tu. Yeye aridhike, na mjukuu wangu asidhurike."

Kifua cha Mizani kikazidi kupiga mluzi.

"Mama," nesi akasema, akimfunga Mizani kifuniko cha mvuke wa dawa puani na mdomoni, "huyo mjukuu hana pumzi nyingine. Anategemea kifua hiki hiki. Kikibanwa hiki, anabanwa na yeye."

Mizani alikuwa na maneno. Loo, alikuwa nayo! Ya mama mkwe, ya wifi, ya mpakiaji, hata ya nesi huyo huyo aliyemwita mwongo. Yamejaa mpaka kooni, na hana pumzi ya kutoa hata moja. Machozi yakamtoka kwa hasira.

Mvuke ulikwenda, ukaenda. Kifua kikalegea kidogo. Nesi akaweka kifaa chake tumboni, akakisogeza huku na huku, wote watatu wakikodoa macho, mpaka mapigo ya moyo yakasikika, ya haraka haraka. Muda si muda mtoto akapiga teke, kisha la pili.

Mama mkwe aliangua kilio, akanyoosha mkono kulishika tumbo, kama alivyozoea.

Mizani akautoa ule mkono. Akakivuta kile kifuniko pembeni.

"Mama," alisema, neno moja moja, "kaa mbali kwanza. Utuache tupumue."