Ndege wa Janine

Nakumbuka Alhamisi moja ya baridi hapa Kasulu, mwanangu, siku niliyotaka kushukuriwa nikaishia kutamani ardhi inimeze. Kaa hapo nikusimulie. Jumatatu unakwenda kwenye mafungo ya kushona, na jana nimekuona ukikagua pindo la gauni la mwenzako kwa macho yale yale niliyokuwa nayo mimi.

Mafungo yetu, unajua, hayana padri wala mahubiri. Ni wanawake wazima tu, wa Kibondo, wa Buhigwe, wa hapa mjini, na wenzetu wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wanaopata kibali cha kutoka. Tunajifungia juma zima kwenye ukumbi wa parokia, tunapika maharage pamoja, tunashona blanketi moja kubwa la vipande. Kila mmoja huja na kitambaa cheupe alichokidarizi nyumbani. Jumamosi vipande vinaunganishwa, wageni wanaitwa, na blanketi linatundikwa ukutani pale ukumbini likae. Sheria ni moja: kipande cha mtu hakiguswi mpaka mwenyewe akikabidhi kwa mkono wake.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na cherehani mbili barazani. Jamani, nilivyokuwa najisikia! Maharusi wa mji huu walikuwa wananifuata mimi, na nilikwenda kwenye mafungo yale nikijua kabisa kwamba wenzangu watajifunza kwangu. Kipande changu kilikuwa na maua ya kahawa, kila jani limelala pale linapotakiwa kulala.

Sasa Bibi Skola, mama mzee wa Kibondo aliyekuwa anatuongoza, akatuambia tupange vipande mezani kama vitakavyokaa ukutani. Changu akasema kikae kando ya kipande cha Mama Janine, mkimbizi kutoka Kongo, mama mpole asiyesema sana. Nikakiangalia kile kipande, nikaguna. Kilikuwa na ndege wa uzi mwekundu. Kichwa kikubwa kuliko mwili, shingo imepinda, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mkia umekwenda upande. Nikawaza wageni watakavyosimama mbele ya ukuta, waone maua yangu yamekaa na kituko kile. Sikulala vizuri kwa sababu ya ndege, mwanangu. Mtu mzima na akili zangu.

Alhamisi mchana wenzangu wakatoka kwenda kula. Nikabaki, nikijidai nina kazi. Nikachukua wembe, nikafumua ndege yule uzi kwa uzi. Nyuzi zenyewe nikazitupia kwenye mkaa wa pasi, kama nilivyozoea kufanya barazani kwangu. Nikanyunyizia kitambaa maji, nikakipiga pasi mpaka kikanyooka, nikadarizi ndege mpya. Ndege mzuri kwelikweli, sisemi uongo. Moyoni nilijiambia namsaidia yule mama asije akachekwa.

Mama Janine aliporudi nikamwonyesha kwa furaha. "Nimekunyooshea, mama."

Alikishika kile kitambaa, akapitisha kidole juu ya ndege, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena.

"Ile uzi iko wapi?" akauliza.

"Nimeuchoma."

Akakaa chini, sakafuni. Akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mutoto wangu Janine njo alishonaka ile ndege. Alikuwa na homa, mukono inatetemeka. Akamaliza mukia, kesho yake akakufa." Kisha akasema, "Hakutokaka kambini hata siku moja. Nilitaka akae hapa, ku ukuta, na watu."

Ewe Mungu wangu. Wanawake walikuwa wameshaingia wote, sahani mikononi. Bibi Skola akanijia. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi kama angenitukana.

"Fundi," akasema, "ulimuuliza?"

"Hapana, bibi."

"Mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Tangu Jumatatu unaongea humu ndani, hujapumzika. Neno moja la kumuuliza mwenzako likakushinda?" Akanipa wembe wangu. "Mfumue huyo ndege wako."

Nilifumua mbele yao, machozi yakidondokea kitambaa. Bibi Skola akakipeleka dirishani, akakinyoosha kwenye mwanga, tukatafuta matundu ya sindano ya yule mtoto, makubwa kuliko yangu. Mwanangu, wewe unashona, unajua maji na pasi vinavyofanya: tundu linajifunga. Ya shingo yalikuwepo, na ya kichwa, na machache ya mwili. Ya mkia hatukuyaona. Tulitafuta sana, tukageuza kitambaa huku na huku. Hakukuwa na kitu, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Nikasema nishone mimi, nifuate tundu kwa tundu. Mama Janine akakataa kwa kichwa. Akachukua sindano mwenyewe, akachukua uzi mwekundu, akajaribu kuupitisha mara mbili, mara tatu, akashindwa kwa sababu ya machozi. Ndipo akaninyooshea ile sindano. "Dada, nitungie uzi." Aliniita dada. Nikamtungia. Akashona pale penye matundu tu, na pale pasipo na tundu hakugusa.

Jumamosi wageni walisimama mbele ya ukuta wakasifu maua yangu. Mmoja akauliza mbona ndege huyu hana mkia, aliyemshona hakumaliza? Mama Janine alikuwa amesimama karibu yangu. Nikajibu mimi, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Alimaliza. Mkia niliufumua mimi."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu wa wakati ule, na hilo ndilo linalonitia hofu. Utakuta kule mishono iliyopinda, tena mingi. Usiiguse. Kaa na mwenye nayo, mle maharage pamoja, umuulize nani alishona na ilikuwaje, na akikuambia hataki msaada wako, mwachie. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usijifiche nyuma ya nia njema. Sema ni mimi, mbele ya watu.

Mungu akutangulie njiani, aibariki sindano yako na vidole vyako. Akukutanishe na wanawake wenye moyo kama wa Mama Janine, na siku utakapowaumiza, akupe mmoja atakayekuruhusu umtungie uzi.